Bodi na lehemu za ruta na swichi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaotunza mitandao: fundi wa ofisi, kijana wa kampuni ya intaneti anayepanda minara, mwenye saiba, na fundi wa mezani anayeletewa ruta "iliyokufa tu yenyewe".

Ruta imezima ghafla. Ni lehemu imeachia?

Mara nyingi siyo. Lehemu husingiziwa sana kwa sababu haionekani vizuri, na kisichoonekana ni rahisi kutupiwa lawama. Kabla hujafungua skrubu hata moja, badilisha adapta. Adapta ya 12 V iliyochoka hupima 12 V safi ikiwa haijabeba kitu, halafu ikichomekwa kwenye ruta hushuka hadi 8 au 9, na ruta inawaka, inazima, inawaka tena bila kufika popote. Kwa hiyo pima volti wakati ruta imechomekwa na inajaribu kuwaka.

Adapta ikiwa nzima, nenda kwenye tundu la umeme, kisha kapasita (vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) zilizovimba kichwa, kisha soketi za nyaya za mtandao. Chipu kubwa za katikati ya bodi ziwe za mwisho. Wengi huanzia huko kwa kuwa ndiko blowa, kile kipulizia cha hewa ya moto, inakoonekana ina kazi.

Kwenye tundu la umeme nitazame nini hasa?

Geuza bodi utazame upande wa chini, pale pini za tundu zilipotokea. Tumia lenzi ya fundi saa, au kamera ya simu ukivuta picha karibu. Kiungo kizima kina mteremko laini wa lehemu unaopanda kutoka kwenye shaba hadi kwenye pini. Kilichopasuka kina mstari mwembamba mweusi unaoizunguka pini. Mara nyingine mstari haujakamilisha duara: upande mmoja umeshika, mwingine umeachia, na ndiyo maana mwenye ruta anakwambia "inakubali ukiinamisha waya kidogo". Chomeka plagi, itikise taratibu huku unatazama. Pini inayocheza ndani ya lehemu utaiona.

Kila plagi inapochomolewa, kila waya unapokwaruzwa na ufagio chini ya meza, nguvu yote inaishia kwenye viungo hivyo viwili vitatu. Kurekebisha ni kazi ya dakika chache, ila kuna kosa moja la kawaida: kuongeza lehemu mpya juu ya ile iliyopasuka. Ufa unafunikwa, haufungwi. Nyonya lehemu yote ya zamani, safisha pini mpaka ing'ae, tia fluksi (dawa inayosaidia lehemu kushika), kisha lehemu upya.

Kwa nini lehemu hupasuka na hakuna mtu aliyeigusa?

Joto huigusa kila siku. Vitu vilivyoshikanishwa na lehemu havitanuki sawa. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, silikoni hutanuka takribani sehemu 3 kwa milioni, kauri ya alumina kama 7, na bodi ya FR-4, ile ya nyuzi za kioo na epoksi, kati ya 14 na 17.

Chukua chipu yenye gamba la kauri, upana wake milimita 30. Kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 15. Joto likipanda nyuzi 40, ukingo wa chipu na bodi iliyo chini yake vinapishana karibu mikromita 6. Kwa macho hakuna kilichotokea. Lakini anayebeba mpishano huo ni kitone cha lehemu chenye kimo cha nusu milimita au pungufu. Joto likishuka, kinavutwa kurudi. Kesho tena. Ni kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka unakatikia mkononi.

Kuna la pili. Lehemu hufanya kazi ikiwa karibu mno na kiwango chake cha kuyeyuka. Ile isiyo na risasi iitwayo SAC305 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217. Ukihesabu kwa kelvini, yaani nyuzi zinazoanzia kwenye sifuri kabisa, chumba cha nyuzi 25 tu tayari kimeshafika asilimia 60 ya kiwango hicho. Metali ikiwa hapo haikai kimya chini ya mkazo. Inajinyoosha polepole, chembe zake zinakua, na ufa unajitafutia njia kwenye mipaka ya chembe hizo. Kwenye chipu za BGA, zile zisizo na miguu pembeni na badala yake zimekalia vitone vya lehemu chini ya tumbo, ufa huanzia kwenye vitone vya pembe, vilivyo mbali zaidi na katikati. Zikiwa na gamba la plastiki, mara nyingi ni vile vilivyo chini ya ukingo wa silikoni yenyewe. Baadhi ya wabunifu hujua hilo na huvipa vitone vya pembe kazi isiyo muhimu, ili vikifa kifaa kiendelee.

Kwa hiyo nipoze chumba kadiri niwezavyo?

Poza kwa utulivu. Kwa lehemu, kinachoumiza ni tofauti kati ya joto la juu na la chini, na ni mara ngapi tofauti hiyo inajirudia. Mwaka 1969 wahandisi wa IBM, Norris na Landzberg, walitoa fomula ambayo bado inatumika: kwa lehemu ya bati na risasi, idadi ya mizunguko ambayo kiungo kinavumilia hupungua kwa kadiri ya tofauti ya joto iliyopandishwa kwenye kipeo cha karibu 1.9. Ukiipunguza tofauti kwa nusu, uhai unakaribia kuongezeka mara nne.

Maana yake ni kwamba swichi inayokaa kwenye nyuzi 50 usiku na mchana ina viungo vyenye maisha marefu kuliko ile inayozimwa kila jioni ikapoa hadi 22, kisha asubuhi ikapandishwa hadi 55. Kuzima vifaa vya mtandao usiku "ili vipumzike" ni desturi ya ofisi nyingi, na kwa lehemu haina faida yoyote.

Lakini usiichukue hiyo kama ruhusa ya kuweka swichi chini ya bati. Kapasita za elektroliti zina hesabu yake tofauti: kila joto linapopungua nyuzi 10, uhai wake unakaribia kuwa maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwenye nyuzi 105 itakwenda kama saa 32,000 ikikaa kwenye nyuzi 65, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu. Kwenye nyuzi 75 ni saa 16,000, haifiki miaka miwili. Kwa vifaa vya bei ya chini, kapasita hukata roho kabla ya lehemu.

Mbona vifaa hufa umeme unaporudi, si unapokatika?

Vilikuwa vimeshakufa nusu. Ufa uliokuwa umebanwa na joto hufunguka bodi inapopoa na kujikunja. Kapasita iliyokauka ndani bado hufanya kazi ikiwa ya moto, lakini ikishapoa upinzani wake wa ndani unapanda na pawasaplai haiwezi kuanza. Juu ya hayo, umeme unaporudi huja na mpwito wa ghafla unaopiga kila kitu kwa pamoja. Swichi iliyokaa miaka mitatu bila kuzimwa inaweza kuwa inaning'inia kwenye uzi na hakuna anayejua mpaka siku ya mgao.

Ndiyo maana UPS, betri inayokilisha kifaa umeme ukikatika, ina kazi ya pili isiyotajwa dukani: inazuia kifaa kisipoe na kupanda upya kila umeme ukiyumba. Na ukiwa na kabati lenye swichi nyingi, umeme ukirudi ziwashe moja moja.

Lehemu isiyo na risasi ndiyo iliyoharibu mambo?

Kuna ukweli ndani ya lawama hiyo, ila si wote. Sheria ya Umoja wa Ulaya iitwayo RoHS ilianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2006 na kuzuia risasi isizidi asilimia 0.1. Kabla ya hapo bodi nyingi zilitumia bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183. Mrithi mkuu akawa SAC305: bati 96.5, fedha 3, shaba 0.5. Swichi, seva na mitambo ya simu vilipewa msamaha wa kuendelea kutumia risasi kwa muda, kwa kuwa ni vifaa vinavyotarajiwa kukaa kazini miaka mingi na hakuna aliyekuwa na kumbukumbu za miaka mingi za lehemu mpya.

SAC ni ngumu zaidi. Kwenye mabadiliko madogo ya joto, ya chumba cha kawaida, mara nyingi huvumilia kuliko ile ya zamani. Kwenye kudondoshwa, kutikiswa na kukunjwa, inazidiwa. Lehemu ya zamani ilikuwa inalegea na kumeza mshtuko. Hii mpya inaupitisha kwa jirani, na jirani ni epoksi iliyo chini ya pedi, kile kibati cha shaba kinacholehemiwa. Utakuta kiungo kizima kabisa, kimeng'oka pamoja na pedi na kipande cha bodi. Anayeilalamikia SAC kwa sababu ya ruta ya ofisini anakosea. Anayeilalamikia kwa kifaa kilichofungwa kwenye gari ana hoja.

Nywele za bati ni hadithi au zipo?

Zipo. Bati tupu, hasa lililopakwa kwa umeme juu ya miguu ya vipande, huweza kuotesha nyuzi za metali nyembamba kuliko unywele, na uzi mmoja ukigusa mguu wa jirani ni shoti. Bell Laboratories waliandika kuhusu nyuzi hizo kwenye vifaa vya simu tangu 1951. Mei 1998 setilaiti ya mawasiliano Galaxy IV ilipoteza mwelekeo na pija nyingi za Marekani, vile vifaa vidogo vya kupokea ujumbe, zikanyamaza kwa siku hizo. Nywele za bati ndizo zilizonyooshewa kidole. Kuchanganya risasi kidogo kwenye bati kuliituliza tabia hii kwa miongo kadhaa. Kwenye ruta ya nyumbani usiipe nafasi ya kwanza.

Fundi alichoma chipu kwa blowa na ruta ikafufuka. Si ushahidi kuwa lehemu ilikuwa imeachia?

Huo ni ushahidi kuwa joto limegusisha kitu kilichokuwa hakigusi. Kipi, bado hujui.

Kisa kinachojulikana zaidi kiko kwenye michezo ya video. Mwaka 2007 Microsoft iliongeza dhamana ya Xbox 360 hadi miaka mitatu kwa hitilafu ya taa nyekundu, na gharama yake ikapita dola bilioni moja. Duniani kote mafundi walikuwa wanachoma chipu na mashine zinafufuka, na kila mtu akaamini tatizo ni vitone kati ya chipu na bodi. Miaka baadaye, 2021, kampuni yenyewe ilieleza kuwa viungo vilivyokuwa vinakatika viko ndani ya chipu, kati ya silikoni na kibao kidogo kinachoibeba. Blowa haiyeyushi hivyo kwa usahihi wowote. Inalipindisha gamba kidogo, ufa unagusana, kifaa kinawaka, mwenye mali analipa. Baada ya wiki kadhaa anarudi.

Na blowa ina madhara yake. Ukipiga nyuzi 350 kutoka juu bila kuipasha bodi kutoka chini, bodi inapinda na vitone vya jirani vinaachia. Plastiki ya chipu hunyonya unyevu wa hewa; ukiipasha ghafla unyevu unageuka mvuke na gamba linapasuka kwa ndani. Viwanda huoka chipu zilizonyonya unyevu kwenye nyuzi 125 kwa saa nyingi kabla ya kuzilehemu, hasa kwa sababu hiyo. Ukarabati wa kweli ni kuinyanyua chipu, kusafisha pedi, kupanda vitone vipya au chipu mpya kwenye mashine yenye joto la juu na la chini, kisha kukagua kwa eksirei. Gharama hiyo haina maana kwa ruta ya bei ndogo.

Nionavyo, ufufuo wa blowa una matumizi mamoja halali: kukipa kifaa dakika za kutosha kunakili mipangilio yake. Ukishaipata, kiondoe kazini.

Na oveni je?

Hapana. Na isiwe kabisa ile mnayopikia chakula.

Kwenye swichi ya porti 24, porti 1 hadi 8 zimekufa pamoja. Nyingine ziko sawa.

Hii ni dalili nzuri kwa sababu inakwambia pa kutazama. Ndani ya swichi, porti hazijitegemei. Chipu moja inayozungumza na waya huhudumia porti nne au nane. Zikifa kwa kundi linalofuatana hivyo, ni chipu hiyo, umeme unaoilisha, au viungo vyake. Porti moja ikifa peke yake, tazama soketi na transfoma ndogo inayoifuata. Transfoma hiyo imetengenezwa kuzuia volti 1,500, na radi ikianguka karibu na waya uliopita nje hupita kiwango hicho bila shida. Porti zilizokufa zikiwa ndizo zilizounganishwa na waya wa nje tu, usiisumbue lehemu. Tafuta njia ya radi.

Swichi zinazolisha kamera na vituo vya Wi-Fi kwa waya wa mtandao zina ugonjwa wa ziada. Kiwango cha zamani kilitoa wati 15.4 kwa porti, kilichofuata 30, na cha sasa hufika 90. Ukichomoa waya huku kifaa kinakula umeme, cheche ndogo hula dhahabu ya vidole vya soketi. Zima porti kwanza kwenye programu, ndipo uchomoe.

Tuko pwani. Kwa nini vifaa vyetu havidumu kama vya bara?

Chumvi. Hewa ya ufukweni hubeba chembe za chumvi, na chumvi ya kawaida ina tabia moja muhimu: unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, inavuta maji yenyewe na kuwa kimiminika. Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar, unyevu huvuka kiwango hicho usiku mwingi wa mwaka. Kwa hiyo vumbi lililoonekana kavu mchana linakuwa maji ya chumvi usiku, juu ya bodi yenye umeme. Kati ya miguu miwili yenye volti tofauti, metali huyeyuka upande mmoja na kujijenga upande wa pili, ikiotesha matawi membamba mpaka yagusane.

Fungua swichi iliyokaa kwenye hoteli ya ufukweni utaona ramani ya hewa. Upande ambao feni inaingiza hewa, makopo ya chuma ya soketi yana unga wa kijani kwenye kingo na miguu ya chipu ina ukungu mweupe. Upande wa pili wa bodi ile ile unang'aa kana kwamba imetoka kiwandani. Feni ndiyo iliyoleta chumvi. Mahali pa namna hiyo, swichi isiyo na feni ndani ya boksi lililozibwa, ikitolea joto kwenye chuma cha boksi, huizidi yenye feni hata kama karatasi yake ya vipimo ni duni.

Tofautisha hilo na gesi ya salfa. Karibu na mitaro ya maji taka, majalala yanayoungua, au moshi wa jenereta unaoingia chumbani, salfa hula shaba na fedha. Bodi zilizopakwa fedha kwenye pedi ndizo zinazoumia mapema, na uchafu mweusi hutambaa juu ya bodi kutoka pedi moja hadi nyingine. Viwango vya ISA 71.04 hupima hali ya chumba kwa kuacha kipande cha shaba humo: kutu isiyozidi angstromu 300 (angstromu ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita) kwa mwezi ni daraja la G1, ambalo ndilo vifaa vingi vimebuniwa kwalo. Bila maabara, weka kipande cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa na ukitazame baada ya mwezi. Hakitakupa namba. Kikiwa cheusi, umeshajibiwa.

AC ya chumba cha seva ikizimika usiku, kuna ubaya gani zaidi ya joto?

Umande. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Kifaa kinachofanya kazi kina joto lake, hivyo hujikinga. Kilichozimwa kwenye chumba cha nyuzi 19, kisha mlango ukafunguliwa na hewa ya nje ikaingia, hutoka jasho. Vivyo hivyo swichi unayoitoa chumba baridi kuipeleka gereji: ifunge kwenye mfuko wake, iache saa kadhaa ifikie joto la nje, ndipo ufungue.

Naweza kupaka bodi rangi ya kucha au vanishi?

Rangi ya kucha hupasuka na kuacha nyufa zinazohifadhi maji. Zipo rangi za kazi hiyo, za akriliki, silikoni au yuretheni. Lakini bodi lazima ioshwe na kukaushwa kwanza; ukipaka juu ya chumvi umeifungia chumvi ndani. Usipake soketi, wala sehemu inayokutana na kipoza joto. Binafsi napendelea kununua kilichopakwa kiwandani pale kinapopatikana.

Karatasi ya vipimo inasema MTBF, wastani wa muda kati ya hitilafu, ni saa 300,000. Hiyo si miaka 34?

Ni miaka 34 kwenye kikokotoo, ila haisemi kuwa kifaa chako kitaishi hivyo. Inahusu kundi la vifaa vilivyo katikati ya maisha yao, kabla uchovu haujaanza. Ukiwa na swichi 100 zinazofanya kazi mwaka mzima, ni saa 876,000, na utegemee takribani tatu zife kwa mwaka. Hiyo ndiyo kazi ya namba hii: kukwambia uweke akiba ngapi stoo. Hesabu za MTBF kwa kawaida hujumlisha kiwango cha kuharibika cha kila kipande kwa joto lisilobadilika, kama nyuzi 25 au 40. Uchovu wa lehemu unaotokana na joto kupanda na kushuka haumo.

Vifaa vya aina moja vyote vimekufa kwa wakati mmoja. Lehemu?

Hapo shuku ubunifu. Februari 2017 Cisco ilitangaza kuwa baadhi ya ruta, swichi na vifaa vyake vya ulinzi vina kipande cha saa (kinachotoa mdundo unaoendesha chipu) ambacho kingeweza kuharibika baada ya miezi 18 hivi ya kazi, na kifaa kikishazima hakiwaki tena. Wakati huo huo Intel ilikuwa imekiri hitilafu ya mawimbi ya saa kwenye chipu zake za Atom C2000, zilizotumiwa na watengenezaji wengi. Hakuna blowa wala lehemu ingeponya hilo. Kabla ya kufungua kifaa cha pili kinachofanana na cha kwanza, soma matangazo ya mtengenezaji. Wengine hubadilisha bure hata dhamana ikiwa imeisha.

Bodi yenyewe inaweza kuharibika, lehemu ikiwa nzima?

Ndiyo. Tabaka za shaba huunganishwa na vitundu vilivyopakwa shaba kwa ndani. Kwa upande wa unene, FR-4 hutanuka sehemu 50 hadi 70 kwa milioni kwa kila nyuzi, shaba 17 tu, na bodi ikipashwa kupita kiwango ambacho epoksi hulainika, inafika 200 na zaidi. Kitundu kinavutwa juu na chini mpaka ukuta wake unapasuka katikati. Bodi nene ya swichi kubwa, yenye tabaka zaidi ya ishirini, iko hatarini kuliko ya ruta ya nyumbani yenye mbili au nne. Ndiyo sababu nyingine ya kutoichoma bodi mara tatu kwa jaribio lile lile.

Kusafirisha kwa pikipiki kuna madhara?

Kifaa kidogo ndani ya boksi lake na povu, hakuna shida. Swichi nzito ya kabati iliyofungwa na kamba nyuma ya pikipiki, bila povu, ni habari nyingine: kipoza joto kizito kinavuta chipu, bodi inapinda kati ya skrubu. Toa pawasaplai na moduli zinazochomoka, zifunge peke yake. Kwenye kabati, swichi ndefu ifungwe mbele na nyuma.

Nitumie lehemu na pesti gani?

Kwa tundu la umeme au soketi, bati na risasi 63/37 yenye fluksi ndani yake inafaa hata kwenye bodi isiyo na risasi, mradi umeondoa lehemu ya zamani. Pesti ya mafundi bomba usiilete mezani kabisa. Ina asidi, na baada ya miezi michache utaona ukijani pale ulipolehemu. Maliza kwa kuosha na alkoholi ya isopropili na mswaki laini.

Moshi wake una risasi?

Moshi unatoka kwenye fluksi, na unaumiza mapafu. Fungua dirisha, weka feni ivute pembeni. Risasi haigeuki mvuke kwa joto la pasi ya kulehemia. Inaingia mwilini kwa mikono, kwa hiyo nawa kabla ya kula, na watoto wasichezee mabaki ya mezani.

Nanunua swichi ya mtumba. Nitajuaje kama imechomwa?

Omba ifunguliwe. Tazama fluksi ya kahawia iliyokauka kando ya chipu moja tu, plastiki ya soketi iliyoyeyuka kidogo, vipande vidogo vilivyokaa upande, au kipoza joto kilichogundishwa upya. Kisha iwashe ikiwa ya baridi kabisa, iache saa moja ikiwa imefunikwa kidogo ipate joto, izime, ipoe, uiwashe tena. Muuzaji anayekataa zoezi hilo amekuokolea pesa.

Nikipeleka kifaa kwa fundi, nimwambie nini?

Mwambie hali, usimpe hukumu. Kimezima kikiwa cha moto au cha baridi? Kabla au baada ya umeme kurudi? Porti zipi? Kinakubali ukikibonyeza mahali fulani? Kama una waya wa konsoli, ule wa kuunganisha kifaa na kompyuta ili usome ujumbe wake, nakili maneno yanayotoka kinapowaka mpaka pale kinapokwama: kikikwama kwenye kupima kumbukumbu, fundi anajua ni chipu ya RAM au njia zake, kisipotoa hata herufi moja, anaanzia kwenye umeme na saa. Taja pia kama kilishafunguliwa na mtu mwingine, na alichoma wapi. Hilo la mwisho wateja hulificha, na ndilo linalokula muda mwingi kuliko yote.